Mwaka Tulipopima Hewa ya Karani

Tulimzika Dokta Anselme mwezi uliopita hapa Kamembe, na wasemaji watatu walisimama kwa zamu kutueleza jinsi alivyolinda mapafu ya wafanyakazi wa wilaya yetu ya Rusizi. Wa kwanza alikuwa shemeji yake, na yeye namsamehe, shemeji ana wajibu wake. Wa pili alikuwa mtu wa kanisa aliyesoma kwenye karatasi aliyopewa dakika tano kabla. Wa tatu alikuwa Direkta Protais, mzee sasa, anatembea kwa fimbo, na yeye ndiye aliyesema kwa sauti ya kutetemeka kwamba bila Dokta, kinu cha mpunga kule bondeni kisingepata ile feni kubwa ya kuvuta vumbi, na kwamba kuna akina mama wanaopumua leo kwa ajili yake. Watu wakaitikia, wengine wakafuta macho. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya nne chini ya hema, soda ya moto mkononi, nikajikuta nacheka. Sikutoa sauti, lakini mabega yalitikisika, na dada aliyekuwa kando yangu akanisogezea kitambaa akidhani nalia. Nilikipokea. Nilijifuta macho makavu, nikamrudishia.

Marehemu husemwa vizuri, na mimi pia nimewahi kusimama makaburini nikawasifu watu wasiostahili. Sifa hazikunishangaza. Kilichonichekesha ni feni. Najua ilikotoka feni ile, na ndiyo sababu nimekaa kuandika habari za mwaka mmoja tu wa maisha yangu, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na miwili na kazi yangu ilikuwa kupima hewa. Nilikozaliwa na jinsi tulivyorudi, hayo nitayaacha. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimevuka kutoka Bukavu, upande wa Kongo, na cheti cha kemia na biolojia, jozi moja ya viatu vilivyofaa ofisini, na imani ya kijinga kwamba mtu aliyevaa koti jeupe hawezi kusema uongo.

Kwanza kabisa, hakuwa dokta. Alisoma kemia miaka miwili, akaacha, akauza dawa za shambani, na siku moja afisa fulani alimwita Dokta kwa kukosea naye hakuona haja ya kumsahihisha. Nilipomkuta, jina lilikuwa limeshaandikwa kwenye kibao cha bati juu ya mlango: Maabara ya Afya ya Kazini, na chini yake Dokta Anselme, kwa herufi kubwa kuliko za maabara. Maabara yenyewe ilikuwa chumba cha kulala cha watoto wake waliokuwa wameenda shule ya bweni. Ukutani palikuwa bado na alama za penseli za kupimia urefu wao. Kwenye kona alikuwa amejenga meza ya jiwe, na juu ya jiwe ndipo ilipokaa mizani, kitu cha pekee cha maana mle ndani, mizani nyeti inayoweza kupima uzito wa unywele, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma alichokifuma mkewe, Maman Beatrice. Malori ya kwenda mpakani yalipita barabara ya chini, na kila lori lilipopita nambari za mizani zilicheza. Nilijifunza kungoja. Nilikuwa naweka filta, kitambaa cheupe kidogo cha kunasa vumbi, juu ya kisahani, nasikia lori linakuja, nabana pumzi, linapita, nambari zinatulia, naandika.

Linalonikera hadi leo ni kwamba kazi aliijua. Angekuwa mjinga ningemwonea huruma. Mwezi wa kwanza alinifundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye. Alinionyesha pampu, kidude cha ukubwa wa redio ya mfukoni kinachofungwa kwenye mkanda wa mfanyakazi, na mrija unaopanda mgongoni hadi kwenye kola, na mwisho wa mrija kikopo kidogo chenye filta nyeupe ndani. Pampu inavuta hewa siku nzima, vumbi linabaki kwenye filta, na ukipima filta kabla na baada unajua mtu yule amevuta nini. Alinionyesha jinsi ya kuipima pampu yenyewe kwa povu la sabuni linalopanda ndani ya bomba la kioo huku mimi nashika saa. Povu likipanda polepole kuliko inavyotakiwa, pampu inadanganya. "Mamzeli Espe," aliniambia akinigusa kola yangu, "hewa haipimwi ukutani. Haipimwi langoni. Inapimwa hapa, chini ya pua ya mutu anayefanya kazi chafu kuliko bote. Ukipima mahali pengine, umepima upepo." Nililiandika neno hilo kwenye daftari langu la kwanza nikalipigia mistari miwili.

Mwezi wa tatu tulishuka kwenye kinu. Ulikuwa ni mkataba wake mkubwa wa kwanza. Tuliondoka Kamembe na baridi ya asubuhi, na kadiri gari lilivyoteremka kuelekea Gikundamvura ndivyo joto lilivyotupanda, hata tulipofika bondeni shati lake lilikuwa limemganda mgongoni. Kinu kilikuwa jengo refu la bati katikati ya mashamba ya mpunga. Upande wa mbele, karibu na lango, palikuwa na ofisi ya stoo yenye madirisha mawili na pazia, ambamo alikaa karani aitwaye Kalisti, mtu msafi, kalamu tatu mfukoni. Katikati palikuwa na mashine za kukoboa. Nyuma kabisa, nyuma ya mlango wa mbao, palikuwa na chumba cha maganda. Humo bomba lilimwaga maganda ya mpunga na pumba mchana kutwa, na wanawake wanne waliyakusanya kwa koleo na fagio, wakayajaza kwenye magunia, wakayabeba nje. Nilifungua mlango ule mara moja nikaufunga. Sikuona ukuta wa pili. Niliona tu kitambaa chekundu cha kichwa kikisogea ndani ya ukungu wa manjano, na nikasikia mtu anakohoa kikohozi kisicho na haraka, kama mtu aliyezoea kukipisha.

Mwenye kitambaa alikuwa Maman Faida. Alitoka Gitambi, alikuwa amekulia Bukavu kama mimi, na tulipogundua kwamba sote tulikuwa tukinunua maandazi kwenye soko moja alinishika mkono akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti iliyoanza kukwaruza, na kope zake zilikuwa na vumbi ambalo maji hayakuliondoa lote. Mwingine niliyemfahamu siku ile alikuwa Papa Idi, fundi wa mashine ya kukoboa, Mwislamu wa Kamembe, aliyeshuka Jumatatu na kupanda kwake Ijumaa. Papa Idi hakuongea sana. Alikuwa akigusa mashine kwa kiganja kama mtu anayemgusa mtoto mwenye homa, na kwa kiganja tu alijua beringi ipi imechoka.

Nilikuwa na pampu tatu tayari, nimezipima kwa povu, nimezipanga. Dokta alizichukua. Ya kwanza alimfunga karani Kalisti. Ya pili alimfunga mlinzi wa lango. Ya tatu alimfunga dereva wa lori, ambaye aliondoka nayo kwenda Kamembe na kurudi jioni. Nilimfuata kando ya gari nikamuuliza kwa adabu zote, maana nilidhani amesahau. Hakusahau. "Karani si mfanyakazi?" aliniuliza. "Mlinzi si mfanyakazi? Tunapima kinu chote, Mamzeli, siyo chumba kimoja." Halafu akanipa karatasi, na chini kabisa, mahali palipoandikwa mpimaji, nikaweka sahihi. Nilijua nilichokuwa nafanya. Daftari lenye mistari miwili lilikuwa kwenye mkoba wangu.

Kama nilibakiwa na shaka, ilikwisha mwezi wa nne. Jumamosi moja Direkta Protais, mkuu wa kinu, alikuja kula chakula cha mchana kwa Dokta. Maman Beatrice alikuwa amekaanga sambaza, dagaa wa ziwa letu, na harufu yao ilipenya hadi maabara kwa sababu kati ya maabara na chumba cha kulia palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba tu. Mimi nilikuwa nikipima filta. Nilisikia vijiko, nikasikia kiti, nikasikia Dokta akisema, "Protais, nikiingia mule chumba ya maganda, nitaandika kile nitaona. Mi niko muntu wa siansi." Nikasikia mtu akitafuna. Kisha Direkta akajibu, "Basi usiingie." Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wanaoelewana, na Direkta akamwambia Maman Beatrice kwamba pilipili imekolea, amwongezee. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote. Nimewahi kusikia habari za watu wabaya waliopanga mambo yao kwa vikao vya siri na viapo. Hawa walimaliza kwa sahani moja ya sambaza, na hawakushusha hata sauti.

Ripoti ya kwanza ilisema hewa ya kinu ni salama. Ilibandikwa karibu na lango, ndani ya plastiki, na mhuri wa maabara. Mwezi wa sita tulishuka tena tukapima karani, mlinzi na dereva. Mwezi wa nane tena. Nilikuwa nimezoea. Nilikuwa natuma kitu nyumbani kwa mama kila mwezi, nilikuwa na koti jeupe lenye jina langu kifuani, na vijana wa Kamembe walikuwa wanauliza yule ni nani. Nikishuka kinuni nilikula chakula cha mchana na wafanyakazi chini ya kipaa cha bati, chenga za mchele na maharage, siku nyingine sombe ya majani ya muhogo, na niliketi nao kama mwenzao. Siku moja mwezi ule wa nane Maman Faida aliweka kijiko chini akanitazama.

"Mamzeli, iyi pompi yako inanikataa juu ya nini?"

Nikasema haimkatai.

"Kila mara inaenda kwa karani. Karani iko na vumbi gani? Ya wino?"

Watu walicheka sana, hata Papa Idi. Mimi nilicheka pia, kisha nikasema kitu ambacho nikikikumbuka nashikwa na haya hapa nilipoketi. Nikasema, "Tunafuata utaratibu, Maman." Utaratibu! Msichana wa miaka ishirini na miwili, mdomo umejaa chenga za watu, anawaambia habari za utaratibu. Maman Faida aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kwa sababu nilikuwa nimesoma naye hakusoma, akarudi kwenye sahani yake.

Nilikuja kujua baadaye kwamba wiki ile ile alikuwa ameenda kwa Direkta kuomba ahamishiwe upande wa kuchambua mchele, kwa sababu usiku alikuwa analala ameketi. Direkta alimpeleka mpaka langoni, akamwonyesha karatasi ndani ya plastiki, akamsomea. Hewa ni salama. Kwa hiyo ubaya hauko kwenye hewa, Maman, ubaya uko kwenye kifua chako. Akamwagiza aende zahanati akapimwe kifua kikuu. Hakuwa nacho. Lakini neno lilikuwa limeshatembea, na niliposhuka tena wenzake walikuwa wamemtengea bakuli lake na kikombe chake, na anakula hatua tatu kutoka kwa wengine. Ningeweza kwenda kuketi naye. Nilikuwa mtu pekee pale aliyejua kwa hakika kwamba kikohozi kile hakiambukizi, kwamba kilitoka kwenye bomba na koleo. Niliketi mahali pangu pa kawaida.

Huwa najiuliza ni nini hasa kilichonisukuma mwezi wa kumi, na ningependa kusema ni dhamira, lakini nadhani ilikuwa ni bahati tu kwamba Dokta hakuwepo. Alikuwa ameenda Kigali kwenye semina, kuzungumzia ulinzi wa wafanyakazi, na akaniacha nishuke peke yangu. Nilipofika nilitembea na pampu zangu moja kwa moja mpaka nyuma, nikapita ofisi ya Kalisti aliyekuwa ameshafungua kola kunisubiri, nikamfunga Maman Faida pampu ya kwanza kwenye mkanda. Ya pili nikamfunga Papa Idi. Nilipokuwa nabana kikopo kwenye kola ya Maman Faida, kiganja kimoja kutoka puani, aliinua kidevu kama mtu anayevalishwa mkufu. "Leo imenipenda," akasema.

Haikufika saa tano pampu yake ikalia. Niliingia mle ndani nikiwa nimejifunga kitambaa, nikamkuta amesimama katikati ya maganda akiishika kiunoni kwa mikono miwili kwa woga, akidhani ameiharibu. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Filta ilikuwa imejaa kiasi kwamba hewa haikupita tena, na pampu ilikuwa imejizima yenyewe. Tulitoka nje. Papa Idi alizima mashine yake akaja kutazama, akaigeuza pampu mkononi kama anavyogeuza vitu vyake.

"Hata machini inakataa iyi hewa," akasema. "Inawasha taa, inasimama."

Maman Faida alikuwa ameinama, mikono kwenye magoti, anatafuta pumzi. "Mi sina taa," akasema.

Hakulisema kwa uchungu. Alikuwa anaeleza tu tofauti. Nilibadilisha filta, akarudi ndani. Siku ile nilitumia filta nne kwa mtu mmoja, na kila nilipofungua kikopo nilikuta kile kitambaa cheupe kimekuwa na rangi ya ugali uliounguzwa.

Jumatatu nilizipima. Nilingoja malori yapite. Nambari ya Maman Faida ilikuwa imekipita kikomo kinachoruhusiwa hata kabla sijajumlisha filta ya pili, na ya Papa Idi haikuwa mbali. Nilihesabu mara tatu, kwa kalamu, kisha nikaandika kila kitu kwenye kitabu cha maabara: jina, kazi, chumba, saa ya kuanza, saa pampu ilipozimika, saa ya filta mpya. Dokta alirudi Jumanne akiwa na mkoba mpya wa semina. Alikisoma kitabu akiwa amesimama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliketi, akavua miwani, akaniambia kwa upole wa mwalimu kwamba pampu ikizimika katikati, sampuli haihesabiki, ndivyo sheria ya kazi inavyosema. Na ni kweli, ndivyo inavyosema. Mtu huyu aliyempima dereva wa lori akiwa Kamembe sasa alikuwa ameikumbuka sheria, na aliishika kwa vidole viwili, kwa usafi, kama padre anavyoshika hostia. Alizichukua filta zangu nne na ile ya Papa Idi, ingawa pampu yake haikuzimika, akazitupa kwenye kapu la takataka, juu ya maganda ya ndizi. "Andika batili," akasema. Nikachukua kalamu, nikaandika batili. Mwandiko wangu ni mzuri. Ndiyo maana aliniajiri.

Ijumaa baada ya swala Papa Idi alikuja maabara. Sikuwahi kumwona akiwa safi, mwenye kanzu na kofia, na kwa dakika moja sikumtambua. Dokta hakuwepo. Nilimkaribisha kiti, hakuketi. Alitazama alama za penseli ukutani, akatazama mizani chini ya kitambaa chake cha kufuma.

"Maman Faida bamemurudisha kwake," akasema. "Banasema muntu wa kifua hawezi kutumika kazi ya chakula ya bantu."

Nikasema pole.

"Apana pole. Nilisoma ile barua yake ya kumufukuza. Inasema hewa ilipimwa, iko muzuri. Iko na sinye ya Direkta, na ku rapoo yenyewe iko na sinye yako." Sinye ni sahihi, na sahihi ya kwenye ripoti ilikuwa yangu. "Mi nilivaa ile pompi. Ya mi ilitoa nini?"

Nilifungua kitabu nikamwonyesha. Aliifuata mistari kwa kidole, taratibu, mpaka kwenye neno batili. Akaniuliza maana yake. Nilimweleza. Alinitazama kwa muda usio mrefu, kama anavyotazama beringi iliyokwisha, akasema asante, akatoka. Ningependelea anitukane.

Jumatatu nilipanda pikipiki nikashuka bondeni na kitabu cha maabara ndani ya kanga. Nilifika saa ya chakula. Nilisimama chini ya kile kipaa nikawasomea, kwa sauti iliyokuwa ikinikimbia, nambari za chumba cha maganda na nambari za karani, na nikawaambia ni nani aliyeandika ripoti za langoni na ni nani aliyezitia sahihi. Sikupigiwa makofi. Kijana mmoja wa kupakia magunia aliniuliza, "Unataka bafunge kinu? Batoto batakula hesabu zako?" Mwanamke mmoja aliondoka na bakuli lake. Hata waliokuwa wamemtenga Maman Faida walinikasirikia mimi, na walikuwa na haki, ingawa siyo kwa sababu walizozitoa. Direkta alikuja kutoka ofisini akifuta mdomo, akaniamuru nitoke. Ndipo Papa Idi akainuka, akaenda mpaka kwenye swichi kubwa ya ukutani, akaishusha. Mashine zote zikanyamaza. Sikujua kumbe mahali pale palikuwa na ndege wengi hivyo.

"Mi sitawasha," Papa Idi alimwambia Direkta, "mpaka muntu wa serikali aje apime kule nyuma. Weye ukitaka, washa."

Hakuna mwingine aliyeweza kuziwasha bila kuziharibu. Siku ya pili yeye na mimi tulikwenda kwa mkaguzi wa kazi. Alikuwa mtu wa makamo, mchovu, mwenye mafua. Alifungua ripoti ya kwanza akaweka kidole kwenye jina la kwanza. "Huyu anafanya kazi gani?" Karani, nikasema. "Na huyu?" Mlinzi wa lango. "Na huyu wa tatu?" Dereva, na siku ile alikuwa Kamembe. Alifunga ripoti, akapiga chafya, akachukua kofia yake. Haikuhitaji mtaalamu. Mtu yeyote aliyesoma majina matatu angejua, na mimi nilikuwa nimeyaandika mara tatu kwa mkono wangu.

Kabla mwezi wa kumi na mbili haujaisha feni ilikuwa imefungwa kwenye chumba cha maganda, na bomba lake limetoboa bati. Na hapa ndipo Dokta Anselme alipoonyesha ufundi wake wa kweli. Siku mkaguzi alipotoka kinuni, Dokta aliandika ripoti mpya, kurasa kumi na mbili, yenye michoro, akipendekeza kwa msisitizo mkubwa feni ambayo mkaguzi alikuwa ameshaiamuru. Direkta aliipokea kwa shukrani. Walipigwa picha wote wawili wamesimama chini ya lile bomba, Dokta akilionyesha kwa mkono kama aliyelizaa. Picha hiyo ilikuwa kwenye kipeperushi cha mazishi, ukurasa wa pili. Mimi nilifukuzwa kwa kutoa siri za maabara. Papa Idi walimwacha kwa sababu walimhitaji. Dokta aliendelea kupata mikataba kwa miaka mingi, viwanda vya chai, machimbo, na kila mahali aliwasimulia kinu cha bondeni. Sikuwahi kumsikia akitaja jina la mtu hata mmoja aliyefanya kazi mle ndani. Mtu akiiba kuku anajificha walau siku mbili. Yeye aliiba feni nzima, akaitundika ukutani.

Wiki ya mwisho ya mwaka ule nilikwenda Gitambi kumwambia Maman Faida. Nilikuwa nimejiandaa njiani. Nilikuwa nafikiria uso wake utakavyokuwa. Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua maharage, ameketi mkekani, mto mgongoni, na alifurahi kuniona, akamwita binti yake alete chakula. Ulikuja ugali wa muhogo na sombe iliyotiwa mawese. Nikala, nikamweleza yote, mashine zilivyozimwa, mkaguzi na mafua yake, feni. Nikaieleza feni kwa urefu sana. Nikamwambia hata ukuta wa pili sasa unaonekana.

Alisikiliza akiendelea kuchambua. Nilipomaliza akauliza, "Iyi maneno ya karani, ulijua toka mwezi gani?"

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Kama banapima fasi ya karani, pahali haina vumbi. Ulijua toka lini?"

"Wa tatu," nikasema.

"Wa tatu." Akaokota kijiwe ndani ya maharage akakitupa. "Mwezi wa tatu nilikuwa ninapanda iyi kilima na gunia ku kichwa, na sipumziki. Weye ulikuya kusema mwezi wa kumi."

"Ndiyo, Maman."

Maman Faida hakupandisha sauti. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umefungwa tu, kama duka linavyofungwa jioni bila kumfukuza mtu. "Kula," akasema, "chakula inapoa." Nikala mpaka sahani ikawa tupu, kwa sababu kuacha chakula chake kungekuwa ni kuongeza tusi. Kisha akainuka kunisindikiza, maana ndivyo alivyolelewa. Tulitembea mpaka mwisho wa migomba yake, kama hatua arobaini. Hapo akashindwa. Aliketi juu ya jiwe, mkono kifuani, akanipungia ule mwingine niende tu, nisisimame. Niliteremka. Nilipofika kwenye kona nikageuka, na bado alikuwa ameketi pale pale, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka.